Propela, pua na hewa nyepesi: Manyara, Ngorongoro, halafu ziwani

Ukitoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, barabara inaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa na magari yote yanabadilika tabia. Fuso lililokuwa linatamba kule chini sasa liko gia ya pili, linavuta pumzi. Ukimaliza kona, juu kabisa, kuna Uwanja wa Ndege wa Manyara. Hapo ndipo watalii wengi wanaokwenda Ngorongoro kwa ndege wanaposhukia, kisha wanamalizia na gari kupitia Karatu na lango la Lodoare.

Simama karibu na uzio dakika chache. Cessna Caravan ikigusa lami utasikia mlio unabadilika ghafla, kama vile ndege imekasirika, halafu inapunguza mwendo haraka kuliko ulivyotarajia. Rubani hajaongeza breki tu. Amegeuza mapanga ya propela ili yasukume hewa kwenda mbele. Na ikishaegeshwa, injini ikazimwa, itazame propela kutoka mbele: mapanga yanaonekana membamba kama yamesimamishwa ubavu. Sasa tazama Cessna 206 iliyo pembeni yake, yenye injini ya pistoni. Mapanga yake hayajasimama hivyo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo habari yetu ya leo, na itatufikisha mpaka kwenye boti za Ziwa Viktoria na lile swali wanalopenda kubishania watu wa boti za kasi: propela gani inanyanyua omo?

Neno kwanza. Kamusi inasema rafadha, mtaani tunasema panga boi, mafundi wa ndege na wa boti wote wanasema propela. Hapa nitatumia propela, na kila jani lake nitaliita panga.

Skrubu au bawa?

Kuna njia mbili za kuielewa propela na zote ni za kweli. Ya kwanza ni skrubu. Skrubu ikizungushwa mara moja kwenye mbao inaingia umbali fulani, na umbali huo mafundi wa propela wanauita pichi. Ndiyo maana propela nyingi zimegongwa namba mbili, tuseme 13 kwa 19: ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ya pili ni pichi kwa inchi. Propela ya pichi 19 ingeenda mbele inchi 19 kila mzunguko kama maji yangekuwa mbao. Lakini maji si mbao, na hewa ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila mzunguko unapoteza kidogo, na hicho kinachopotea kinaitwa utelezi.

Njia ya pili ni bawa. Kila panga ni bawa dogo linalozunguka, na linavuta ndege mbele kwa namna ileile bawa kubwa linavyoinyanyua juu. Bawa linahitaji kuikabili hewa kwa pembe fulani. Pembe ikiwa ndogo mno hakuna mvuto, ikiwa kubwa mno hewa inashindwa kufuata mgongo wa panga, inajitenga, na panga linabaki kuchapa hewa bila faida. Hii pia ndiyo sababu panga limepinda kama limesokotwa. Propela ya kawaida ya Caravan ina kipenyo cha inchi 106, yaani karibu mita 2.7, na inazunguka mpaka mara 1,900 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ncha ya panga inakwenda kama mita 268 kwa sekunde, lakini katikati ya panga ni nusu ya hapo tu. Sehemu mbili za panga moja zinakutana na hewa kwa kasi tofauti kabisa, kwa hiyo kila moja lazima iwe na pembe yake.

Sasa fikiria ndege yenye propela ya pichi moja isiyobadilika. Ikiwa imesimama mwanzoni mwa uwanja, haina mwendo wa mbele, hivyo panga linaikabili hewa kwa pembe kubwa kupita kiasi. Ikiwa angani kwa kasi, pembe hiyohiyo inakuwa ndogo. Ukichagua pichi fupi utapata ndege inayoruka upesi lakini chelewa safarini. Ukichagua ndefu utapata ndege ya mwendo inayokula uwanja wote kabla ya kunyanyua pua. Ni sawa na gari lenye gia moja tu. Mwenye gari la hivyo akitaka kupanda kwenda Rhotia atachagua gia ndogo, na akifika tambarare ya Makuyuni atajuta.

Ndiyo maana ndege za kazi zina propela inayogeuza mapanga. Ndani ya kitovu chake kuna pistoni inayosukumwa na mafuta ya injini, na kidhibiti chenye vizito vidogo vinavyozunguka. Mwendo ukizidi, vizito vinafunguka, mafuta yanaelekezwa, pichi inaongezeka, mwendo unashuka. Rubani anachagua mizunguko anayotaka, kidhibiti kinahangaika na pembe. Kwenye injini za tabaini kama ya Caravan, shinikizo la mafuta likiisha, chemchemi zinayageuza mapanga mpaka yasimame ubavu, ili injini ikizimika angani yasiwe ukuta wa kuizuia ndege. Ndicho ulichokiona pale kwenye maegesho.

Hewa ya Manyara ina uzito gani?

Haya, tuingie kwenye kiini. Uwanja wa Manyara uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,260 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kwenye mita 2,300 hivi. Pwani, kwa kipimo cha kawaida cha wanaanga cha nyuzi 15, meta moja ya ujazo ya hewa ina gramu 1,225. Pale Manyara, saa nane mchana kwenye joto la nyuzi 28, hesabu inatoa kama gramu 1,007. Kwenye ukingo wa kreta, hata kukiwa na nyuzi 20 tu, ni karibu gramu 910. Yaani asilimia 18 ya hewa imetoweka Manyara, na asilimia 26 kule juu.

Marubani wanaitafsiri namba hiyo kuwa mwinuko. Wanauliza: hewa hii niliyo nayo sasa ingepatikana mwinuko gani kwenye siku ya kawaida? Jibu kwa Manyara mchana huo ni karibu mita 2,000. Kwa ukingo wa kreta ni karibu mita 3,000. Kwa hiyo uwanja uliochorwa kwenye ramani kwa mita 1,260 unapanda kila siku jua likichomoza! Asubuhi ya nyuzi 16 uko kwenye mita 1,600 hivi, mchana umefika 2,000. Hiyo tofauti ya mita 400 ni zawadi ya baridi tu, na ni moja ya sababu ndege nzito hupendelea kuondoka mapema. Bahati mbaya, mwezi wa sita na wa saba asubuhi hiyohiyo nyanda za Karatu na ukingo wa kreta hufunikwa na ukungu, mtu hawezi kuona hata mti wa ng'ambo ya barabara. Hewa nzuri ipo, lakini huioni.

Hewa nyepesi inapiga ndege sehemu tatu kwa wakati mmoja. Bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ardhini ili linyanyue uzito uleule; kwa hewa ya Manyara mchana ni kama asilimia 10 zaidi. Injini ya pistoni isiyo na kijazio cha hewa inavuta hewa pungufu, inachoma mafuta pungufu, na inabaki na karibu asilimia 80 ya nguvu zake. Na propela nayo ina kitu chepesi cha kushika.

Hili la tatu ndilo watu wanalisahau, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Propela inapata msukumo kwa kuchukua hewa na kuitupa nyuma. Kuna hesabu ya zamani, ya karne ya 19, iliyoanza kwa propela za meli, inayoichukulia propela kama duara moja tu linaloongeza mwendo wa kitu kinachopita ndani yake. Kwa ndege iliyosimama inasema hivi: msukumo unafuata kipeuo cha tatu cha hewa ukizidisha na eneo la duara, na kisha nguvu ya injini iliyozidishwa kwa yenyewe. Usiogope, tuifanyie kazi tu. Ikiwa nguvu ya injini haikupungua lakini hewa imebaki asilimia 82, msukumo unabaki asilimia 94 hivi. Umepoteza 6 tu. Lakini ikiwa ni injini ya pistoni na nguvu nayo imeshuka mpaka 80, msukumo unabaki kama asilimia 81.

Hapo ndipo tabaini inapojilipa. Injini ya Pratt & Whitney iliyo kwenye Grand Caravan nyingi imewekewa kikomo cha nguvu za farasi 675 makusudi, ingawa ndani yake ina uwezo wa zaidi. Ile akiba inatumika mahali kama hapa: hewa ikipungua, injini inaendelea kutoa zilezile 675 mpaka kufikia mwinuko na joto fulani, kisha ndipo inaanza kushuka.

Unganisha yote. Ndege inahitaji kufikia mwendo mkubwa zaidi, na ina msukumo mdogo zaidi wa kuifikisha huko. Kwa tabaini iliyoshika nguvu zake, mbio za kuruka Manyara mchana zinarefuka kwa karibu asilimia 30 kulinganisha na pwani. Kwa pistoni ya kawaida ni mara moja na nusu. Kwenye ukingo wa kreta, tabaini ndiyo inafika mara moja na nusu, na pistoni inakaribia mara mbili. Hii ni hesabu ya karatasi, bila kuhesabu vumbi laini, majani, mteremko wala matope, ambavyo havijawahi kuifupisha safari ya mtu. Uwanja wenyewe haurefuki. Ukisikia rubani anamwambia mtalii aache begi moja, au ndege ya matibabu iliyofuata mgonjwa Endulen inamwambia ndugu wa pili abaki, si roho mbaya. Ni kipeuo cha tatu kinaongea.

Kwa nini wasiweke propela kubwa zaidi?

Swali zuri. Angalia tena ile hesabu: eneo la duara limekaa mahali palepale pa hewa. Ukiongeza kipenyo kwa asilimia 10, eneo linaongezeka kwa 21, na msukumo wa kuanzia unapanda kama asilimia 6.5. Ni karibu kabisa na kile ambacho hewa ya Manyara iliiba kwenye tabaini. Kwenye karatasi tumemaliza.

Nje ya karatasi kuna sauti. Kwenye joto la nyuzi 28 sauti inasafiri karibu mita 347 kwa sekunde, na ncha za propela ya Caravan tayari ziko kwenye asilimia 77 ya hapo. Ongeza kipenyo kwa 10 bila kupunguza mizunguko na unafika 85. Ncha ikikaribia mwendo wa sauti, hewa juu ya mgongo wa panga inaanza kubanana na kupasuka, kelele inapanda, nguvu inapotea. Halafu kuna mawe. Propela ndefu inakaribia ardhi, na viwanja vya huku vingi ni vya changarawe. Kijiwe kimoja kikinyonywa kinaacha kovu dogo kwenye ukingo wa mbele wa panga. Panga hilo linavutwa kuelekea nje kwa kani ya tani kadhaa kila linapozunguka, na nyufa zinapenda makovu. Ndiyo maana utaona rubani kabla ya safari anapitisha kidole taratibu kwenye kila panga. Watalii wengi hudhani anafuta vumbi.

Njia nyingine ni kuongeza idadi ya mapanga bila kuongeza kipenyo, na njia nyingine tena ni gia: iache injini ikimbie, propela izunguke polepole, basi unaweza kuwa na panga refu bila ncha kupiga kelele. Kwa hili Ngorongoro ina historia yake.

Januari 1958, Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walianza kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege waliyoirusha wenyewe kutoka Ujerumani. Ilikuwa Dornier Do 27 iliyopakwa mistari ya pundamilia, na usajili wake ulikuwa D-ENTE, ambapo Ente kwa Kijerumani ni bata. Injini yake ilikuwa Lycoming ya nguvu za farasi kama 270, ya aina yenye gia: yenyewe inafika mizunguko 3,400 kwa dakika, propela inapata karibu 2,200 tu. Pamoja na mabawa yaliyotengenezwa kwa mwendo mdogo, ndege ile iliweza kutua na kuruka mahali ambapo ukiangalia leo ungesema hapafai hata kuegesha trekta.

Ilikuwa pia ndege ya gurudumu la mkiani, na hapa tunakutana na pua. Ndege ya aina hiyo inasimama pua juu, mkia chini. Rubani akifungua nguvu, upepo wa propela unapiga moja kwa moja kwenye usukani wa mkia, kwa hiyo mkia unapata uhai hata kabla ndege yenyewe haijaanza kukimbia. Propela haivuti tu. Inampa rubani mamlaka juu ya pua. Inaleta na usumbufu wake: pua ikiwa juu, panga linaloshuka linaikabili hewa kwa pembe kubwa kuliko linalopanda, upande mmoja unavuta zaidi, na ndege inataka kwenda kushoto. Rubani anaishi na mguu wa kulia.

Michael alifariki tarehe 10 Januari 1959, akiwa na miaka 24, ndege hiyo ilipogongana na tumbusi. Propela haikuwa na hatia katika ajali ile wala hewa nyepesi. Kaburi lake liko kwenye ukingo wa kreta chini ya piramidi ya mawe, na baba yake aliyefariki 1987 amezikwa hapo naye. Filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ukipita pale, magari mengi husimama dakika mbili yakaondoka. Kaa zaidi kidogo, sikiliza Caravan ikipita juu.

Sasa twende ziwani

Karatu yenyewe haina boti za kasi. Ziwa Eyasi lina wavuvi miaka ya mvua nyingi na miaka ya ukame linabaki uwanja wa chumvi. Hata likijaa, maji ni mafupi na propela ingekula tope. Lakini watu wa Karatu wanafanya kazi Mwanza, Musoma na Bukoba kama watu wengine, na Ziwa Viktoria liko kwenye mita 1,134, karibu sawa na uwanja wa Manyara. Kwa hiyo tatizo ni lilelile? Hapana, na hapa ndipo panapopendeza.

Ndege ya pistoni yenye pichi moja ikipanda mlima, injini inadhoofika, lakini na hewa inayozungushwa na propela imekuwa nyepesi kwa kiasi karibu kilekile. Mzigo na mbebaji wamepungua pamoja. Mizunguko haibadiliki sana. Msukumo ndio unaopotea. Kwenye boti, mashine inavuta hewa ya ziwani ambayo imepungua zaidi ya asilimia 10 hata kabla ya joto, ila propela yake iko kwenye maji, na maji ya Mwanza ni mazito karibu sawa na ya Dar es Salaam. Mbebaji amedhoofika, mzigo uko palepale. Matokeo yake mashine haifiki mizunguko yake. Inaguguma, inatoa moshi, inakula mafuta, na mwenyewe anadhani kauziwa mashine mbovu.

Dawa yake ni kushuka pichi, inchi moja au mbili. Kwa kawaida inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko ya mashine kwa 150 mpaka 200 kwa dakika. Mwenye ndege ya pichi moja milimani anapata faida kidogo tu kwa kushuka pichi. Mwenye boti anapata mashine mpya.

Na omo? Boti ya kasi ikishapanda juu ya maji, kinachoizuia zaidi ni eneo la mbao au faiba linalosugua maji. Ukinyanyua omo kidogo, sehemu inayogusa maji inabaki ile ya tezi tu, na boti inafunguka. Kinachonyanyua omo kwanza ni pembe ya mashine yenyewe. Ukiisukuma mashine ikae mbali na tezi, propela inatupa maji nyuma na juu kidogo, kwa hiyo inaisukuma tezi chini, na omo linapanda kama ubao wa kubembea. Ukiivuta ndani, kinyume chake.

Kisha ni umbo la propela. Mapanga yaliyolazwa nyuma zaidi, nyuzi 15 mpaka 20 au kupita, hunyanyua omo kuliko yaliyosimama wima kwenye kitovu. Ukingo wa nyuma wa panga ukikunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko, unashika maji vizuri hata propela ikiwa karibu na uso wa maji yenye mapovu, jambo linalokuruhusu kuipandisha mashine na kuongeza pembe bila propela kuteleza. Mapanga matatu makubwa huelekea kunyanyua omo, manne huelekea kunyanyua tezi na kuifanya boti itulie. Nasema huelekea, kwa sababu umbo la boti na mahali mzigo ulipo vina kura kubwa zaidi. Propela yenye mlalo mkubwa kwenye boti ambayo uzito wote uko tezi haitakusaidia, itakuharibia.

Na kuna mpaka. Omo likinyanyuliwa kupita kiasi boti inaanza kurukaruka kama pomboo, juu chini, juu chini, na ukiendelea kuongeza mwendo hewa inaingia chini ya sakafu na kuigeuza boti kuwa bawa. Donald Campbell alikufa hivyo kwenye ziwa la Coniston, Uingereza, tarehe 4 Januari 1967, akiwa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Bluebird yake ilikuwa ya jeti, haikuwa na propela ya kulaumiwa, lakini hewa chini ya omo haijali ulichofunga nyuma.

Kwa boti ya uvuvi au ya abiria kwenye Ziwa Viktoria msimamo wangu ni mkali kidogo: usilipie propela ya kunyanyua omo. Boti ile haikimbii kiasi cha kufaidika. Omo likipanda, mwendeshaji haoni mbele, tezi inazama karibu na maji, na wimbi moja la nyuma linaingia na kukaa. Unachotaka ni propela inayosukuma mzigo kwa mwendo mdogo: kipenyo kikubwa, pichi fupi, mapanga mapana, manne kama mfuko unaruhusu.

Kuijua kama unayo sahihi huhitaji fundi wa kutoka mbali. Tafuta kwenye kitabu cha mashine yako mizunguko inayotakiwa ukifungua mafuta yote, mara nyingi ni kitu kama 4,500 mpaka 5,500. Azima kipimo cha mizunguko, pakia boti mzigo wako wa kila siku, toka nje ya bandari mahali penye nafasi, fungua yote. Ikiishia 4,100, pichi ni ndefu. Shuka inchi mbili ujaribu tena. Ikipita juu ya kikomo, pichi ni fupi. Panda inchi moja. Fanya kipimo hicho na mzigo kamili na watu ndani, si boti tupu asubuhi ambapo kila propela inaonekana nzuri.

Ukiwa dukani, geuza propela uangalie namba zilizogongwa kwenye kitovu. Zikiwa zimesuguliwa mpaka hazisomeki, iache hapohapo.